Vyombo Viwili

Mzee alisema tois potes. Nikaandika potes, 2, yaani mitungi miwili, nikaiingiza kwenye safu ya vyombo vya nyumbani, nikamwambia asante, nikamwita anayefuata. Hazikupita dakika nne.

Ilikuwa Aprili 2022, wiki chache baada ya kimbunga Gombe kuingia nchi kavu katika mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 11 Machi. Shirika moja la misaada lilikuwa limeniajiri kuandikisha hasara kijiji kwa kijiji: nani kapoteza nini, ili baadaye ijulikane nani apewe nini. Shirika silitaji. Halikukosea kitu katika habari hii isipokuwa kuniamini.

Mtu wa Mikindani, pwani ya kusini mwa Tanzania, alifikaje huko na fomu mkononi? Kwa Kireno tu. Nilikisoma Rio de Janeiro miaka minne kwa ufadhili. Niliondoka nyumbani sijui hata neno la kuombea maji, nikarudi nikizungumza kama mtoto wa Copacabana, au ndivyo nilivyojiona.

Na Kireno cha Rio kina madoido yake. T ikikutana na i hugeuka ch, kwa hiyo tia, yaani shangazi, huitwa chia. D nayo hugeuka j: dia, siku, ikawa jia. S ya mwisho wa silabi huwa sh. Dois, mbili, husikika doish. R ya carro hutoka kooni kama kh ya khutba, na l ya mwisho hulainika kuwa u, hata nchi yenyewe wakaiita Braziu. Wapo wanaosema ile sh ililetwa na nyumba ya kifalme ya Ureno ilipomkimbia Napoleon ikahamia Rio mwaka 1808, wapo wanaobisha. Mimi sikujali ilitoka wapi. Niliipenda, nikaivaa.

Bwenini kwetu kulikuwa na kijana wa bara ya Paraíba, kaskazini-mashariki, aliyetamka tia na dia kama zilivyoandikwa, kama ambavyo Mswahili yeyote angezisoma. Vijana wa Rio walimwita mshamba. Kulikuwa na mwingine wa vijiji vya ndani vya São Paulo, ambaye akisema porta, mlango, ulimi ulijikunja nyuma kwenye r kana kwamba unatafuta kitu kilichopotea. Walimsimamisha ukumbini: hebu sema porta. Akisema, wanaanguka kwa kicheko. Nami, mgeni mwenye Kireno cha miezi sita, niliona mapema upande gani ni salama kukaa. Nikacheka pamoja nao. Bila shaka mzee wa Nampula alianza kuumia pale, miaka mingi kabla sijaonana naye.

Msumbiji hawakunisujudia kwa madoido hayo. Tamthilia za Brazil zimeonyeshwa sana kwenye televisheni za kule, na siku ya kwanza nilipofungua mdomo ofisini dereva alikohoa, akaniita Novela. Jina likaganda. Nililichukua kama sifa.

Kireno cha Msumbiji kinafundishwa shuleni kwa kufuata cha Ureno, ila midomo ni ya watu wa pale. R inatetemeshwa kama yetu. Irabu hazimezwi sana. Basi ni machibombo, na kifungua kinywa ni matabicho. Ndiyo lugha rasmi tangu uhuru wa 1975, lakini kwa sensa ya 2017 waliokuwa nayo kama lugha ya mama hawakufika mtu mmoja kati ya watano. Kimakua peke yake kinazungumzwa na karibu robo ya nchi. Kwa hiyo wengi wa niliowaandikisha walinisaidia mimi: wao walikuwa wakivuka mto kuja upande wangu, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki ng'ambo, nawasahihisha namna ya kuogelea.

Kabla sijafika kwa mzee, nieleze habari za watu wengine wawili, maana bila hao kosa langu lingeonekana la bahati mbaya tu.

Bosi wetu alikuwa mwanamke wa Lisbon. Watu wa Lisbon humeza irabu zisizo na mkazo kama mtu anayemeza vidonge, bila kutafuna. Telefone kwake ilikuwa tlfon. Wiki yangu ya kwanza alinipigia simu kunipa saa ya kikao, nikasikia trez orash. Nikaandika três horas, saa tisa alasiri. Nikafika saa tisa kasoro dakika tano, shati limenyooshwa, nikakuta wanakunja viti. Alikuwa amesema treze horas, saa 13, saa saba mchana.

Nililichunguza jambo lile usiku ule kama fundi saa. Três ikisimama peke yake Lisbon ni tresh, lakini ikifuatwa na irabu ile sh hugeuka z, nayo inakuwa trez orash. Treze, kumi na tatu, ikimezwa irabu yake ya mwisho, nayo ni trez orash. Ni sauti moja kabisa. Rio tungesema treizorash kwa saa tisa na trezi orash kwa saa saba, na hakuna ambaye angechelewa. Kwa maneno mengine, maneno yake yalikuwa na utata wa kweli, na mtu yeyote mwenye akili angesema: bosi, hebu taja saa hiyo kwa namna nyingine. Mimi nilimwomba radhi mara tatu. Nikamwambia sikio langu bado halijazoea.

Wa pili alikuwa fundi mkuu wa majengo, Mreno wa kaskazini, kutoka Minho. Kule v na b ni kitu kimoja. Vinte, ishirini, kwake ni binte. Vinho ni binho. Ng'ombe, vaca, ni baca. Siku moja tulisimama mbele ya zahanati iliyobaki kuta tupu. Akatikisa kichwa, akasema: o bento lebou o telhado. Nikaandika kwenye daftari, bila kalamu kusita: upepo umechukua paa. Upepo ni vento. Bento ni jina la mwanamume. Kwa sikio kavu, mtu yule alikuwa amesema kwamba bwana mmoja aitwaye Bento ameiba paa la zahanati. Wazo hilo halikunipitia hata kwa mzaha. Nilitabasamu, nikajiambia, ah, lafudhi ya kaskazini, tamu kweli.

Sasa mzee.

Alikuwa na miaka sabini na kitu, Mmakua wa bara aliyeoa pwani akabaki pwani. Kireno alikiokota ujanani kwenye shamba la mkonge, alipokuwa mainato, yaani kijana wa kufua na kupiga pasi nguo za mzungu. Siku ile binti wa Nampula aliyekuwa akitutafsiria Kimakua alikuwa amelala na malaria. Tungeweza kusubiri. Mzee mwenyewe alisema hakuna haja, Kireno anakijua, na alilisema kwa fahari ya mtu aliyekitunza miaka hamsini kama suti ya harusi.

Alinisalimia: pom tia. Alikusudia bom dia. Kimakua cha bara hakina b, d wala g. Mtu aliyekulia ndani yake, akikutana nazo kwenye Kireno, huzishika kwa vidole alivyo navyo, zinakuwa p, t na k. Dinheiro, pesa, inakuwa tinheiro. Gasolina ni kasolina. Nililijua hilo. Nilikuwa nimeambiwa siku ya kwanza, na dereva alishawaigiza mbele yangu barabarani, nikacheka.

Nikamuuliza: você perdeu o quê? Umepoteza nini? Hata hapo nilikuwa nimeshakosea. Você ndiyo namna ya kawaida ya kumwita mtu Rio. Msumbiji humwambii mzee você. Unamwita papá, au unazunguka kwa adabu. Bosi wa Lisbon sikuwahi kumwita você hata siku moja, kwake nilipata neno la heshima bila kufundishwa. Mzee hakuonyesha kuudhika. Akasema: tois potes.

“Dois,” nikamsahihisha. Na nililitamka kwa ile sh yangu ya Rio, doish, polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

“Toish,” akasema.

Watoto waliokuwa wamezunguka meza wakacheka. Nami nikatabasamu nao.

“Dois potes?” nikamuuliza, kwa kuthibitisha, kwa sababu fomu ilitutaka tuthibitishe kila kitu. Ila kwa midomo yangu potes haikuwa potes. T mbele ya irabu ile hugeuka, na neno lililonitoka lilikuwa póchish. Sidhani kama mzee alikuwa amewahi kulisikia maishani. Akakubali kwa kichwa, kwa ile adabu ya mtu anayejua kwamba mwenye kalamu hapingwi.

Alikuwa amesema dois botes. Boti mbili. Bote ni ndugu wa boti yetu, hata mtu wa Mikindani asiyejua neno moja la Kireno angelinusa, ufukweni, mbele ya mvuvi, baada ya kimbunga. Mimi mwenye Kireno cha miaka minne nilisikia mitungi.

Hapa ndipo pananiuma nikipafikiria. Tois si neno, kwa hiyo nililikamata, nikalirekebisha, na nikamdhalilisha nalo. Pote ni neno kamili, lipo kwenye kamusi, kwa hiyo nililiamini. Kanuni ni ile ile moja, na midomo ni ile ile moja, ndani ya pumzi moja. Niliitumia kanuni pale iliponipa nafasi ya kuonekana msomi, nikaisahau pale ilipotakiwa imsaidie yeye.

Halafu kosa likazaa. Akaongeza: e rete. Nilijua ni rede, wavu. Lakini nilishamweka mtu huyu jikoni, na ukishamweka mtu jikoni kila anachotaja kinakuwa cha nyumbani. Nikaandika rede mosquiteira. Chandarua.

Juni ukaja mgao. Wavuvi walikuwa na orodha yao: mbao, misumari, nyavu, kamba. Wengine walipewa vya ndani. Alasiri moja nilikuwa kwenye hema letu nikijaza karatasi, mzee akaingia na sufuria mbili mpya zimepachikana kichwani, chandarua bado kimo kwenye mfuko wake chini ya kwapa. Akazitua mezani pangu, akazipanga, kubwa na ndogo. Akasema: Chefe, vou ao mar com qual?

Bosi, nitaingia baharini na ipi?

Sentensi ile haikuwa na b, wala d, wala g ndani yake. Niliielewa yote.

Bosi wa Lisbon alikuwepo, na aliuliza kimetokea nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu: nilisikia vibaya. Badala yake nikasema, alitamka vibaya. Nikaenda mbele zaidi. Kwenye fomu ya marekebisho kuna kisanduku cha sababu, na kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, nikaandika erro do declarante, kosa la mtoa taarifa. Mzee alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Hakujua kusoma, na nilijua kwamba hajui.

Orodha ya wavuvi ilikuwa imefungwa. Akaingizwa kwenye ya kusubiri. Agosti fedha za boti zikaisha kabla yake. Mkataba wangu ukaongezwa miezi sita.

Binti wa Nampula alipopona alisoma ile fomu, akaninyamazia siku mbili. Siku ya tatu alikuja na kipande cha karatasi nyepesi, akakishika mbele ya midomo yake, akatamka maneno mawili ya Kimakua. Kwa la kwanza karatasi haikutikisika. Kwa la pili ilipepea. Kimakua kina p mbili, moja kavu na moja yenye pumzi, na kuzichanganya ni kusema kitu kingine. Akaniambia nizitenganishe kwa kusikia tu, bila karatasi. Nilijaribu wiki nzima wakati wa chakula cha mchana. Sikuweza. Kila nilipokosa hakucheka, na ningependa angecheka.

Baadaye nilikumbuka kwamba hata Kiswahili kina jambo hilo, ila sisi wa kusini limetupita. Wazee wa Mombasa na Lamu wana paa la nyumba na paa mnyama, na yule mnyama hutamkwa kwa pumzi. Mimi nimeyasoma yote mawili maisha yangu yote kwa sauti moja, na hakuna mtu wa Mombasa aliyewahi kuniandikia kosa la mtoa taarifa. Wahenga wetu nao walipochukua parafuso ya Wareno wakaifanya parafujo, bandeira ikawa bendera, na espadas ya karata ikawa shupaza, na sh yake mwanzoni kama ile ambayo mtu wa Lisbon huanzia neno hilo mpaka leo. Hakuna aliyesimamishwa mezani akaambiwa arudie.

Nilikaa na siri ile kwa raha kiasi, lazima niseme. Haikuninyima usingizi. Ilikuwa imegeuka kichekesho cha kusimulia, na nilikisimulia Dar es Salaam mara mbili tatu, kwenye meza za watu wanaopenda habari za safari. Kwenye masimulizi hayo mzee alikuwa na lafudhi nzito sana na mimi sikuwa na lafudhi yoyote.

Kisha nikamsimulia mama kwa simu. Yeye yuko Mikindani. Nikaanza kwa mbwembwe: mama, kuna mzee mmoja huko, kimbunga kilimpotezea vyombo viwili. Nilikuwa bado sijafika kwenye kichekesho chenyewe. Akanikatiza.

“Vyombo vya jikoni au vya bahalini?”

Nikanyamaza.

“Eh, baba, vyombo gani? Maana ni mtu wa pwani huyo.”

Mama yangu husema bahalini. Husema lafiki, husema kalatasi. R haijawahi kukaa mdomoni mwake, na haikukaa mdomoni mwangu mpaka nilipopelekwa sekondari Dar, ambako nilisimamishwa mbele ya darasa kutamka rafiki mpaka kengele ikalia. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kushindwa kumwelewa mama hata neno moja. Nilimsikia akisema bahalini nikaelewa baharini pasipo hata kujua kwamba nimefanya kazi ya kuelewa. Na yeye, bila Kireno, bila fomu, aliuliza swali ambalo mimi nililipwa mshahara kuliuliza.

“Vya baharini, mama,” nikasema.

“Basi umempa?”

Nilimjibu kwamba simu inakata.

Mwaka jana nilipata kazi nyingine kule, nikaomba siku mbili, nikapanda chapa, yaani daladala ya kule, mpaka kijijini. Nilikuwa na bahasha, na nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi kwa Kireno, nimeyafanyia mazoezi kama barua. Nilimkuta ufukweni. Hana boti mpaka leo. Ni baharia kwenye mashua ya mtu mwingine, mwenye umri wa mwanawe, na hupewa fungu la samaki jioni. Alinitazama kidogo, akasema: Novela.

Nikamwita papá. Nikasema niliyokuja kusema, na dia na tia zikiwa wazi, bila ch wala j. Alisikiliza mpaka mwisho. Bahasha aliipokea, akaihesabu mbele yangu noti kwa noti, akaitia mfukoni, hakusema asante na hakusema hapana. Haikufika hata nusu ya bei ya mashua, na sote wawili tulilijua hilo.

Maji yalikuwa yamejaa ndani ya chombo. Akaingia, akachukua sufuria iliyokuwa imelala kwenye mkuku, ile ndogo, imebonyea upande mmoja na mpini wake umekatika, akaanza kufua maji na kuyamwaga nje. Baada ya muda akasimama. Akapiga ubavu wa mashua kwa kiganja.

“Pote,” akasema, polepole.

Kisha akainua ile sufuria usawa wa uso wangu.

“Panela.”

Akangoja. Watoto walikuwa wamesogea.

“Pote,” nikasema. “Panela.”

Akanirudisha kwenye neno la kwanza, nikalisema tena.